Kanisa la Long Melford: sala zilizoandikwa ukutani

Long Melford ni kijiji cha barabara moja ndefu katika kaunti ya Suffolk, mashariki mwa Uingereza, karibu na mto Stour. Kwenye mwinuko upande wa kaskazini, nyuma ya uwanja mpana wa nyasi, limesimama Kanisa la Utatu Mtakatifu. Sehemu yake kubwa ilijengwa kati ya mwaka 1467 na 1497. Ukumbi wa waumini peke yake una urefu wa takriban mita 46. Askofu hakuwahi kuweka kiti chake hapa, wala watawa hawakuwahi kuimba hapa vipindi vyao vya usiku. Ni kanisa la parokia: la kubatizia watoto, kufungishia ndoa, kuzikia, na kukusanyikia Jumapili. Jengo dogo zaidi lingewatosha wanakijiji bila shida.

Kwa hiyo kisa hiki kina maswali mawili. La kwanza ni fedha zilitoka wapi, na hilo halisumbui sana. La pili ndilo lenye uzito: waliozitoa walidhani wananunua nini? Nitajaribu kuonyesha kwamba walinunua sala, tena kwa mkataba ulioandikwa wazi ukutani, na kwamba umbo la jengo, kuanzia ukubwa wa madirisha hadi mahali lilipo kaburi la mfadhili mkuu, halieleweki vizuri mpaka mkataba huo usomwe. Kisha nitafika kwenye sehemu ya ajabu zaidi. Miaka 50 tu baada ya kazi kukamilika, serikali ilifuta bidhaa yenyewe iliyonunuliwa, na jengo likabaki.

Fedha zilitoka kwenye migongo ya kondoo. Kwa muda mrefu Waingereza walikuwa wakiuza sufu ghafi kwa wafumaji wa ng'ambo, hasa wa Flanders, eneo ambalo sehemu yake kubwa leo iko Ubelgiji. Wafalme wao, waliokuwa na vita vya kugharimia, wakaitoza sufu iliyosafirishwa nje ushuru mzito, huku nguo iliyokwisha kufumwa ikitozwa kidogo tu. Mwenye sufu akaona afadhali ifumwe nyumbani. Kufikia karne ya 15 vijiji vya bonde la Stour vilikuwa vimeshika kazi hiyo barabara. Tajiri wa nguo wa zama hizo hakuwa na kiwanda. Alinunua sufu, akaigawa kwa wanawake waisokote majumbani mwao, akazikusanya nyuzi na kuzipeleka kwa wafumaji. Kutoka hapo nguo ilikwenda kwenye vinu vya maji vya kuipondaponda mpaka nyuzi zishikane, kisha kwa watia rangi. Alichomiliki yeye hasa ni mtaji na daftari. Lavenham, kijiji cha jirani, kilitajirika kwa njia hiyo hiyo na kina kanisa lake la kujivunia.

Kuna kanuni moja ya parokia za Kiingereza inayoeleza kwa nini utajiri huo ulionekana sehemu fulani ya jengo kuliko nyingine. Upande wa mashariki, penye altare kuu, palikuwa jukumu la padri mwenye kupokea zaka. Ukumbi ulikuwa mzigo wa wanaparokia. Paa likivuja juu ya vichwa vyao, wao ndio waliochanga. Melford ilikuwa chini ya abasia (nyumba kuu ya watawa, inayoongozwa na abate) ya Bury St Edmunds, moja ya tajiri kabisa nchini, iliyomiliki ardhi ya hapo na kuwa na haki ya kuleta padri. Mtu angetarajia jina la abate litawale kuta. Majina yanayotawala ni ya majirani.

Wosia juu ya ukuta

Jina linalojirudia kuliko yote ni la John Clopton, bwana wa Kentwell Hall, nyumba kubwa iliyo mwendo mfupi kaskazini ya kanisa. Mwaka 1462, Vita vya Waridi, vita vya koo mbili zilizogombea kiti cha ufalme wa Uingereza, vikiendelea, alifungwa katika Mnara wa London pamoja na John de Vere, Earl wa 12 wa Oxford, na wengine kadhaa, kwa tuhuma za kuandikiana na Malkia Margaret wa Anjou, mke wa mfalme aliyepinduliwa, dhidi ya mfalme mpya, Edward IV. Earl wa Oxford alikatwa kichwa. Mwanawe Aubrey naye hakupona, wala washirika wao wengine waliohukumiwa. Clopton aliachiwa. Alirudi Kentwell na kuishi miaka mingine 35, akafa mwaka 1497, kanisa likiwa limekamilika.

Watu hupenda kumtungia nadhiri aliyoiweka gerezani. Hadithi hiyo ni tamu, lakini haihitajiki. Alichotaka Clopton amekiandika mwenyewe, na kukisoma kunatosha.

Ukizunguka jengo kwa nje, macho yakiwa juu, utaona mistari ya maandishi ikipita chini ya ukingo wa paa, tao baada ya tao. Mingi imeandikwa kwa Kiingereza, lugha ya mtu wa sokoni, na inaanza kwa amri moja: ombeeni. Waombeeni Roger Moryell na wakeze Margaret na Kateryn, ambao kwa mali yake tao hili lilijengwa. Waombeeni Lawrence Martyn na Marion mkewe, pamoja na Wamartyn wengine walio hai na waliokufa. Kila kipande cha ukuta kina wenyewe. Ukisoma kwa uangalifu unaona jambo ambalo sifa za jumla kwa "Clopton mjenzi" hulificha: mara kadhaa yeye ni msimamizi wa wosia. Fedha ni za marehemu fulani, na Clopton pamoja na wenzake wawili watatu wanatajwa kuwa ndio waliozigeuza kuwa mawe. Alikuwa mfadhili, bila shaka, lakini pia alikuwa mtu ambaye wafu wa kijiji walimkabidhi amana zao.

Mstari ninaoupenda kuliko yote uko kwenye Kikanisa cha Bikira Maria, kilichokamilika mwaka 1496 mwishoni kabisa mwa jengo upande wa mashariki. Baada ya kuwataja baba yake na jamaa wengine, Clopton anaomba sala kwa ajili yake mwenyewe, "na kwa roho zote ambazo John huyo anawajibika kuziombea". Hayo ni maneno ya mtu mwenye deni. Yeye anadaiwa sala na watu ambao hakuwataja, labda kwa sababu orodha ni ndefu mno, na sasa anamgawia msomaji deni hilo. Mahali pengine, kwa Kilatini, kuna maneno yanayomtaja Kristo kuwa shahidi kwamba mambo haya hayakuonyeshwa ili kupata sifa, bali ili roho ikumbukwe. Unaweza kumcheka kidogo: mtu asiyetaka sifa hawezi kuliandika jina lake mara nyingi hivyo. Lakini katika hesabu yake hakuna ukinzani. Asiyejulikana jina haombewi.

Imani iliyobeba hesabu hiyo inafahamika kwa Mkatoliki yeyote wa kwetu anayepeleka nia ya misa kwa ajili ya marehemu wake. Nafsi nyingi haziendi moja kwa moja mbinguni. Hupita kwanza toharani, na sala za walio hai, hasa misa, hufupisha mateso hayo. Parokia za Uingereza zilikuwa na orodha ya majina ya waliolifaa kanisa, na padri aliyasoma kwa sauti mbele ya watu. Kuingizwa katika orodha hiyo ilikuwa heshima iliyolipiwa. Msomaji wa pwani atakumbuka wakfu: mtu anatoa shamba, mapato yanaendesha msikiti au kisima, na thawabu inamfuata kaburini. Tofauti ni kwamba huko Melford hatua ya mwisho inamtegemea mpita njia. Lazima asome, kisha afumbue mdomo. Ndiyo maana maandishi yako nje, hadharani, tena katika lugha ya kila siku.

Ukuta uliokubali kutobolewa

Sasa tuangalie jengo lenyewe. Mtindo wake unaitwa Perpendikula, hatua ya mwisho ya ujenzi wa Kigothi nchini Uingereza, na jina linatokana na mistari yake ya wima. Nguzo nyembamba za mawe zinazogawa dirisha hupanda moja kwa moja hadi juu bila kujikunja sana, na pengine hushuka chini ya dirisha na kuendelea ukutani mpaka zikutane na tao. Macho hayapati pa kupumzikia. Yanavutwa juu tu. Ukumbi una matao 9 kila upande, na matano ya magharibi yanaaminika kuwa yalibaki kutoka kanisa la zamani zaidi, nalo jipya likarefushwa kutoka hapo. Huo ni ubanaji matumizi ambao matajiri wa nguo wangeuelewa: kilicho kizima hakibomolewi.

Siri ya mwanga wote ule iko kwenye paa. Paa la nyasi au vigae linahitaji mteremko mkali ili maji yasisimame, na mteremko mkali unakula kimo ambacho kingetumika kwa madirisha. Paa lililofunikwa kwa mabamba ya madini ya risasi linaweza kulala karibu bapa. Wajenzi wa Suffolk walilitumia hilo kikamilifu. Walipandisha kuta za ukumbi juu ya paa za pembeni, wakaweka juu ya boriti za mwaloni paa la risasi lenye mteremko mdogo, na katika nafasi waliyoipata wakapanga safu ya madirisha yaliyobanana, kutoka mwanzo wa ukumbi hadi mwisho. Mzigo wa paa unashuka kupitia nguzo chache, na kati ya nguzo hizo ukuta hauna kazi kubwa ya kubeba. Unaweza kutobolewa.

Kwa nje kuna jambo jingine. Suffolk haina jiwe zuri la kujengea. Kilichopo ni gumegume, vinundu vigumu vinavyookotwa mashambani na kuchimbwa kwenye udongo wa chokaa. Jiwe la kuchonga lilibidi kuletwa kutoka mbali, na kusafirisha jiwe katika karne ya 15 kulikuwa gharama ya kutisha. Mafundi wakafanya uhaba kuwa pambo. Walipasua gumegume hadi uso wake mweusi unaong'aa utokeze, wakaupachika ndani ya michoro iliyochongwa kwenye jiwe jeupe, pande zote mbili zikiwa sawasawa kiasi kwamba mkono ukipita hausikii kizuizi. Jua la asubuhi likipiga, ukuta unachezacheza kati ya weusi na weupe. Ni kazi hiyo hiyo ya jiwe na gumegume iliyobeba yale maandishi ya ombeeni. Pambo na ombi havikutenganishwa hata katika ufundi.

Watalii huambiwa kwamba madirisha ya namna hii yalitokana na kiu ya mwanga. Nakubali nusu. Kioo cha rangi kinapunguza mwanga; anayetaka mwanga tu angeweka kioo cheupe. Clopton alihitaji mahali pa kuweka watu. Madirisha ya juu yalijazwa picha za jamaa zake, marafiki, wanasheria na wakubwa wa zama zile, wengi wakiwa wamepiga magoti mikono imeunganishwa, wanawake wamevaa majoho yenye alama za koo zao. Mmoja wao ni Elizabeth Talbot, mke wa Duke wa Norfolk. Leo vioo vilivyosalia vimehamishwa na kukusanywa chini zaidi, vingi upande wa kaskazini, na ni miongoni mwa mikusanyo bora ya vioo vya karne ya 15 katika kanisa la parokia. Kwa mwanahistoria hiyo ni bahati. Kwa kusudi la awali ni hasara kidogo. Wale watu walipangwa kupiga magoti kwa pamoja juu ya vichwa vya waumini, wakielekea altare.

(Juu ya mlango wa kaskazini kuna kioo kidogo cha duara chenye sungura watatu wanaokimbizana. Kila mmoja ana masikio mawili, lakini ukihesabu masikio yote unapata matatu. Wengi huona humo fumbo la Utatu. Mchoro huo huo uko kwenye mapango ya Dunhuang nchini China, na ni wa zamani zaidi huko. Haukunisaidia katika hoja yangu, ila si haki kuupita kimya.)

Kitovu cha kila kitu ni kona ya kaskazini-mashariki, pale familia ya Clopton ilipojijengea kikanisa chake. Chini ya dari unapita ubao mrefu wa mbao uliopakwa rangi, wenye beti za John Lydgate, mtawa mshairi wa abasia ya Bury. Katika dirisha kuna kioo kidogo kinachoonyesha Kristo aliyesulubiwa juu ya yungiyungi, ua la Bikira Maria. Picha za aina hiyo zimebaki chache sana Uingereza. Kisha kuna kaburi. Clopton hakulazwa katikati ya kikanisa chake, na hakuchongwa sanamu yake. Alilala ndani ya ukuta kati ya kikanisa na altare kuu, upande wa kaskazini, chini ya tao, kaburi likiwa limefunikwa bamba bapa la jiwe. Juu yake, kwenye upinde wa tao, amechorwa Kristo mfufuka, na pembeni Clopton na mkewe Alice na watoto wao.

Kwa nini hapo, na kwa nini bapa? Kwa sababu kaburi lilipewa kazi. Siku ya Ijumaa Kuu, kulingana na ibada ya wakati ule, msalaba na Ekaristi vililazwa mahali palipoandaliwa upande wa kaskazini wa altare, vikakeshewa kwa mishumaa, na alfajiri ya Pasaka vikatolewa kwa shangwe. Bamba la kaburi la Clopton ndilo lililobeba kaburi la Kristo. Kila mwaka kijiji kizima kiliinama mbele ya mifupa yake bila kuweza kukwepa. Sijui mpango mwingine wa mazishi uliobuniwa kwa werevu kama huo.

Aliyekumbuka

Tungekuwa tunabahatisha mengi kuhusu maisha ndani ya jengo hili kama si Roger Martyn. Alizaliwa yapata mwaka 1527 katika ukoo ule ule wa Martyn ulioandikwa ukutani, akafa mwaka 1615, na alibaki Mkatoliki wakati dini hiyo ilikuwa imeshaharamishwa. Uzeeni aliandika maelezo ya kanisa kama alivyolijua utotoni. Ni maandishi mafupi, na nadhani ni miongoni mwa ushahidi wa thamani kubwa kabisa kuhusu parokia ya Kiingereza kabla ya Matengenezo ya Kanisa, yaani mageuzi yaliyoitoa Uingereza katika Ukatoliki.

Anasema nyuma ya altare kuu kulikuwa na mateso ya Kristo yaliyochongwa na kupakwa dhahabu, yakifungiwa ndani ya milango iliyochorwa na kufunguliwa siku za sikukuu. Kati ya ukumbi na altare kulikuwa na roshani iliyokata upana wote wa kanisa, yenye msalaba mkubwa, Maria na Yohane pembeni, na kinanda juu yake. Dari lilipambwa nyota za dhahabu. Anaeleza Jumapili ya Matawi: Ekaristi ikibebwa kuzunguka makaburi chini ya mwavuli wa kitambaa ulioshikwa na wakulima wanne, maandamano mengine yakizunguka kwa upande wa pili, na mtoto akisimama juu ya kimnara cha mlango wa upande wa Clopton kuimba kwamba mfalme anakuja. Watu wote wakapiga magoti. Makundi mawili yakakutana, yakaingia pamoja, na karibu na baraza la kanisa watoto wakamwagiwa maua na vipande vya mikate myembamba.

Ukisoma hayo ukiwa na ramani ya jengo mkononi, sehemu zilizoonekana za anasa zinapata kazi. Kimnara kilikuwa jukwaa la mtoto. Nafasi ya kuzunguka nje ya Kikanisa cha Bikira Maria ilikuwa njia ya maandamano. Martyn pia anakumbuka mioto iliyowashwa mbele ya nyumba ya babu yake katika mikesha ya sikukuu za kiangazi, pipa la pombe na mkate kwa maskini, na mishumaa ya rangi ya njano na kijani mbele ya sanamu ya Yohane Mbatizaji ndani ya nyumba. Kanisa halikuishia kwenye mlango wake.

Martyn alikuwa na umri wa miaka 11 hivi mwaka 1538, mishumaa mbele ya sanamu ilipokatazwa kwa agizo la Henry VIII. Mwaka uliofuata abasia ya Bury ilifungwa, na kanisa lake kubwa leo ni magofu katika bustani ya umma. Mwaka 1547, chini ya mvulana Edward VI, sanamu ziliamriwa kuondolewa, na mwishoni mwa mwaka huo Bunge likapitisha sheria ya kutwaa mali zote zilizowekwa kwa ajili ya misa za marehemu. Toharani ilitangazwa kuwa upuuzi. Altare za mawe zilibomolewa. Malkia Mary alirudisha misa kati ya 1553 na 1558, kisha Elizabeth akaiondoa tena. Vitabu vya hesabu vya wazee wa kanisa la Melford vinaonyesha upande wa kijijini wa maamuzi hayo: vifaa vikiuzwa, sanamu zikiondoka, vingine vikinunuliwa na familia zile zile zilizovitoa. Martyn mwenyewe alihifadhi baadhi nyumbani kwake, vikiwa vimeharibika, akitumaini warithi wake watavitengeneza na kuvirudisha siku moja. Havikurudi.

Katika karne ya 18, chini ya sakafu karibu na altare, ilipatikana kazi ya alabasta ya karne ya 14 inayoonyesha Mamajusi wakimsujudia Mtoto Yesu, Maria akiwa amejilaza kitandani. Sasa imewekwa ukutani.

Kwa nini lilibaki

Hapa ndipo kisa hiki kinapomfaa hata mtu asiyejali vioo wala gumegume. Taasisi mbili zilitegemea imani moja. Abasia iliporomoka, kanisa la parokia likabaki wima. Tofauti haikuwa uzuri, kwa maana kanisa la abasia lilikuwa kubwa zaidi. Abasia ilipofutwa hakuna aliyebaki na wajibu wa kuitunza, na risasi ya paa lake ilikuwa na bei sokoni. Parokia ilikuwa bado inahitajiwa na serikali yenyewe. Sheria ilimtaka kila mtu ahudhurie ibada, mtoto abatizwe, maiti azikwe. Na ile kanuni ya kale ya mzigo wa ukumbi iliendelea: wanakijiji walikuwa bado wanachangia paa, sasa kwa ajili ya mahubiri.

Maandishi yalikuwa suala jingine. Katika miaka ya 1640 William Dowsing, aliyetumwa na upande wa Bunge katika vita vyake na mfalme, alipita Suffolk akivunja vioo na kung'oa mabamba ya shaba yenye maneno ya kuwaombea marehemu, na shajara yake inayahesabu moja moja. Mwezi Agosti 1642 umati ulikuwa umeshapora Melford Hall, nyumba ya Mkatoliki tajiri iliyo upande wa pili wa uwanja wa nyasi. Hiyo haikuwa sehemu yenye upole. Lakini bamba la shaba linang'oka kwa patasi. Maneno yaliyo sehemu ya ukuta, juu kabisa karibu na paa, yanataka jukwaa la mafundi na gharama ya kujenga upya. Uchumi uliowafanya wayaweke hapo ndio ulioyalinda.

Upande wa kusini wa altare, karibu kabisa na Clopton, kuna kaburi la Sir William Cordell, aliyekufa mwaka 1581. Alikuwa mwanasheria, Spika wa Bunge wakati wa Mary, na mkuu wa kumbukumbu za mahakama ya kifalme chini ya Mary na Elizabeth wote wawili. Ndiye aliyejenga Melford Hall na kumkaribisha Elizabeth humo mwaka 1578. Kaburi lake lina marumaru, nguzo, sanamu yake amelala katika vazi la chuma, na wanawake wanne wanaowakilisha busara, haki, kiasi na ujasiri. Beti za Kilatini zinataja ukoo wake, akili yake, ukarimu wake kwa maskini, na nyumba ya wazee aliyoianzisha kijijini. Nyumba hiyo ipo mpaka leo karibu na kanisa.

Simama kati ya hao wawili. Kati ya kifo chao kuna miaka 84. Clopton, aliyelipia sehemu kubwa ya kile unachokiona, hana sanamu na anaomba kitu. Cordell ana sanamu, na haombi lolote, anatoa taarifa. Mara sala ya walio hai ilipoacha kuwafaa wafu, kaburi lilibaki na kazi moja tu, nayo ni wasifu. Sisemi kwamba Cordell alikuwa na majivuno kuliko mwenzake. Alizaliwa katika hesabu nyingine.

Kikanisa cha Bikira Maria kilibaki bila matumizi, na kuanzia mwaka 1670 kikageuzwa shule ya kijiji. Ukutani bado kuna tebo ya kuzidisha iliyoandikwa kwa ajili ya watoto. Wageni hupiga picha tebo hiyo kuliko kitu kingine humo, na siwalaumu.

Limebaki la mnara, na hapa lazima niwaharibie kidogo wapenda picha. Mnara wa zama za kati uliharibiwa na radi yapata mwaka 1710. Ule wa matofali uliojengwa badala yake mwaka 1725 haukumpendeza mtu, na kati ya 1898 na 1903 mbunifu George Frederick Bodley aliuvika ngozi mpya ya jiwe na gumegume, kwa mtindo unaofuata ule wa karne ya 15. Kazi ni nzuri, pengine nzuri kupita kiasi: mtu asiyeambiwa hudhani ndiyo sehemu kongwe, ilhali ndiyo changa kuliko zote. Vichongoka vyake vinne vimepewa majina. Vitatu ni vya kifalme: Victoria, Edward, Alexandra. Cha nne kinaitwa Martyn. Anayekwenda Melford aanze upande wa kusini, nje, asome ukuta kutoka magharibi kwenda mashariki mpaka Kikanisa cha Bikira Maria, ndipo aingie ndani. Mnara auache mwisho, akijua kwamba matofali ya 1725 bado yako chini ya ngozi ile.